Mwambieni Kwa Nini Amekosa

Kazi yangu ni kuita watu kwenye usaili wa filamu na tamthilia hapa Dar es Salaam, kusoma nao mistari mbele ya kamera, kisha kukaa na mwongozaji tukaamua nani anafaa. Wengi hudhani kinachoamua ni kujuana, sura nzuri au kipaji. Vyote vitatu vimo, sikatai. Lakini kinachoangaliwa kwanza kabisa, kabla mwigizaji hajafungua kinywa, ni umri. Na kinachotakiwa kufanyika mwishoni, ambacho kwetu karibu hakifanyiki, ni kumwambia mtu ukweli kuhusu sababu ya kukosa. Mambo hayo mawili yameshikana kuliko watu wanavyofikiri, na mengi yanayowaumiza waigizaji wetu yanatokea pale yanapokutana.

Umri ninaousema si ule wa cheti cha kuzaliwa. Ni ule ambao mtazamaji ataukubali mara tu anapokuona kwenye skrini. Mtu wa miaka 30 anaweza kukubalika kama mwanafunzi wa chuo, na wiki inayofuata akakubalika kama baba wa watoto wawili wadogo. Mwingine wa miaka hiyohiyo ana sauti nzito, ameanza kupata kipara, anatembea kama mwenye nyumba. Huyo ukimvalisha sare ya chuo watu watacheka, lakini ukimpa uhusika wa mkuu wa kituo cha polisi wa miaka 42 anatulia ndani yake bila shida. Hakuna aliyemzidi mwenzake. Kila mmoja ana kazi zake. Ndiyo maana tangazo zuri la usaili huandika "mwanamke, aonekane kati ya miaka 25 na 32", halidai miaka kamili ya mtu.

Nilipokuwa nasoma sanaa za maonyesho Bagamoyo, binti wa miaka 20 alikuwa anajifunga kanga, anashika mkongojo, anainamisha mgongo, na ukumbi mzima unaamini ni bibi. Aliyekaa nyuma haoni ngozi ya mikono yake. Kamera haikubali hivyo, inasogea mpaka inaona vinyweleo. Ukiniuliza umri wa mtu unaonekana wapi, nitakwambia usianze na uso, maana uso hupakwa rangi. Tazama shingo, tazama vifundo vya vidole, na zaidi ya yote tazama anavyokaa na anavyoinuka kwenye kiti. Kijana huinuka bila kufikiria. Mtu wa miaka 50 anajua goti lake liko wapi.

Halafu umri wa kwenye filamu hupimwa kwa mwenzake. Akishapatikana steringi, umri wa wengine wote unahesabiwa kuanzia kwake: mke, baba, dada, bosi. Mwigizaji anaweza kukosa kazi kwa sababu tu anayecheza mwanawe ameshachaguliwa, naye ni mrefu na ana sauti ya besi. Vijana wakibisha huwa nawaeleza habari ya filamu ya Marekani iitwayo Back to the Future, ya mwaka 1985. Michael J. Fox anacheza mtoto wa sekondari na Lea Thompson anacheza mama yake. Wote wawili walizaliwa mwaka 1961, na mama amemtangulia mtoto kwa siku chache tu. Crispin Glover, aliyecheza baba, alizaliwa mwaka 1964, yaani mwana amemzidi baba yake karibu miaka mitatu. Hadithi iliruhusu, kwa sababu kijana anarudi nyuma miaka 30 na kuwakuta wazazi wake wakiwa wanafunzi. Pale wanapoonekana watu wazima ndipo mafundi wa vipodozi walipofanya kazi.

Katika The Graduate ya mwaka 1967 hesabu ni ya kushangaza zaidi. Anne Bancroft, anayecheza mama wa makamo anayemnasa kijana aliyemaliza chuo juzi, alizaliwa 1931. Dustin Hoffman, huyo kijana, alizaliwa 1937. Tofauti ya miaka sita imebebeshwa mzigo wa kizazi kizima, na watazamaji waliipokea, kwa sababu mmoja alionekana mtu aliyeshakinai maisha na mwingine hajui hata aiweke wapi mikono yake.

Hapa jirani kuna mfano mzuri kuliko hiyo yote. Mira Nair alipotengeneza Queen of Katwe, iliyotoka mwaka 2016, Lupita Nyong'o alicheza Harriet, mama mjane mwenye watoto, mmoja wao akiwa Phiona, yule binti wa Kampala aliyepanda kwa mchezo wa sataranji. Lupita alikuwa kwenye miaka 32 hivi. Madina Nalwanga, aliyecheza Phiona, alipatikana kwenye darasa la ngoma Kampala, hakuwa nyota wa popote. Kwenye karatasi ungeweza kusema Lupita ni mdogo mno kuwa mama wa binti mkubwa vile. Lakini wanawake wanaozaa wakiwa wasichana tunawajua, tunaishi nao. Ninachokiona mimi kwenye kazi ya Lupita ni uchovu wa mtu anayewaza chakula cha kesho, na uchovu huo ndio uliomfanya mama. Kenya nako, katika The First Grader ya mwaka 2010, Oliver Litondo, aliyewahi kuwa msomaji wa habari, alicheza Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza karibu na Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Litondo alikuwa mdogo kwa Maruge kwa miaka mingi. Alichokuwa nacho ni mwendo usio na haraka na sauti ambayo watoto wangeinyamazia.

Kwa hiyo umri una nafasi ya kuchezewa. Kinachoniudhi ni kwamba nafasi hiyo tunawapa wanaume bila kuombwa, na wanawake tunawanyima.

Steven Kanumba alifariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28. Hebu kumbukeni aliocheza: waume, matajiri, wajomba, wanaume wenye nyumba na familia. Wote hao aliwacheza kabla hajafika 30, na hakuna mtazamaji aliyelalamika. Mzee Majuto, aliyezaliwa 1948, aliendelea kuchekesha nchi nzima kwenye filamu hadi uzeeni, akatutoka Agosti 2018. Sasa nitafutie mwanamke aliyepewa safari ndefu hivyo. Mwanamke wa miaka 28 akicheza mke wa mwanaume wa 50, tunaona sawa. Wa miaka 40 akicheza mpenzi wa mwanaume wa 40 mwenziwe, utamsikia mtayarishaji anauliza kama hakuna mwingine. Akifika 45 anapewa mama mkwe mwenye roho mbaya, na sini zake zote ni za kugombana jikoni.

Si kwetu tu. Meryl Streep, ambaye hakuna anayebishia uwezo wake, amesimulia kwamba alipofika miaka 40 aliletewa uhusika wa wachawi watatu ndani ya mwaka mmoja. Maggie Gyllenhaal alieleza mwaka 2015 kwamba akiwa na miaka 37 aliambiwa amezidi umri wa kuwa mpenzi wa mwanaume wa miaka 55 kwenye filamu. Hayo huwezi kuyasingizia kamera. Yanatoka kwenye skripti na kwenye mfuko wa mwenye pesa, na mimi nikiwa mezani huwa nayasema hivyohivyo, hata kama chumba kitanuna.

Waigizaji wanajua, ndiyo maana wanaficha. Marekani jambo hili lilifika hadi bungeni na mahakamani. Mwigizaji mmoja aliishtaki tovuti ya IMDb mwaka 2011 kwa kuuweka wazi umri wake, akashindwa mwaka 2013. Mwaka 2016 jimbo la California likapitisha sheria ya kuwawezesha waigizaji kuomba umri wao uondolewe. Tovuti hiyo ikaenda mahakamani, sheria ikafutwa mwaka 2018 kwa hoja ya uhuru wa kutoa taarifa, na mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo mwaka 2020. Nawaelewa waliopigania sheria ile. Namba inakufungia mlango kabla sura yako haijafika. Jennifer Lawrence alikuwa na miaka 21 alipoutaka uhusika wa mjane kwenye Silver Linings Playbook, mkabala na Bradley Cooper aliyemzidi miaka 15, na mwongozaji David O. Russell alimwona mdogo. Alijaribiwa kwa njia ya intaneti akiwa nyumbani kwao, sura na sauti vikaishinda namba, na mwaka 2013 akachukua Oscar. Angekatwa kwenye orodha kwa tarehe ya kuzaliwa, jaribio lile lisingekuwepo. Mimi simwulizi mtu mzima miaka yake. Mtoto ndiye namwuliza mzazi wake, kwa sababu ya shule, ya usingizi, na kwa sababu mtoto wa miaka 11 anaweza kubadilika meno, sauti na kimo kabla hatujamaliza kushuti.

Sasa nije kwenye kusemana ukweli. Ngoja nieleze kinachotokea chumbani, maana wasomaji wengi hawajawahi kuingia. Kuna kiti, kuna taa mbili, kuna kamera au simu nzuri kwenye stendi, na kuna mimi pembeni ya kamera nikisoma maneno ya mhusika wa pili. Mwigizaji anasoma mara ya kwanza alivyojiandaa. Kama amekosa kabisa, tunashukuru anatoka. Kama ana kitu, mwongozaji humpa maelekezo: rudia, safari hii usilie, au safari hii mwambie kama unamwomba pesa. Wengi hunywea hapo, wanadhani wamekosea. La hasha. Mwongozaji anataka kujua kama wewe unaelekezeka, yaani ukiambiwa neno kwenye seti saa nane usiku, watu wamechoka na jenereta inaunguruma, utalibeba au utabaki kurudia kilekile ulichokariri nyumbani. Nimeona watu wenye machozi mazuri wakikosa kazi kwa sababu walikuwa na machozi tu.

Namkumbuka dada mmoja, mwigizaji wa siku nyingi, aliyekuja kusoma bibi harusi wa miaka 24. Kwenye sini ile binti anagundua kwamba kaka yake amekula mahari yake. Alisoma mara ya kwanza akalia vizuri. Mwongozaji akamwambia, "Rudia, usilie. Mhesabie pesa zilikokwenda." Akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, laki ya kwanza, laki ya pili, bila kupandisha sauti. Yule kijana tuliyemweka acheze kaka akaangalia chini kweli, hakuwa anaigiza. Ndiyo iliyokuwa kazi bora ya siku nzima. Na papo hapo sote tulijua haupati uhusika ule.

Kawaida ya kwetu ni kusema "tutakupigia", mtu akaenda zake, akakaa na simu. Nilimfuata kwenye korido.

"Mdogo wangu, nikwambie ukweli?"

"Niambie, dada."

"Umesoma vizuri kuliko wote leo. Uhusika huu hupati. Yule binti anamwogopa kaka yake. Wewe ukimtazama yule kijana, anaonekana kama umemlea wewe."

"Kwa hiyo nimezeeka."

"Nimesema huyu binti si wako. Kwenye skripti kuna shangazi, ana sini nne tu, lakini ndiye anayeijua siri yote ya mahari. Njoo Alhamisi umsome. Siahidi."

Alhamisi hakuja. Sikumlaumu; ukweli ukishasemwa, mtu anahitaji muda wa kukaa nao. Baadaye alinipigia kuuliza abadilishe picha zipi. Tukakaa tukazipitia. Karibu zote zilikuwa zimepitishwa kwenye programu ya simu inayolainisha ngozi, na wigi lilikuwa la msichana wa chuo. Kila aliyemwita kwa picha zile alimwita kwa kazi asizoweza kupata, na kila mara alirudi nyumbani akiamini kipaji chake kimekwisha. Alipiga picha mpya, nywele zake mwenyewe, bila kulainisha kitu. Siku hizi anaitwa kucheza mawakili, wauguzi wakuu, mtendaji wa kata. Hizo ni kazi zenye maneno ya kusema.

Angeambiwa mapema angeokoa miaka mingi ya kujilaumu. Mtu asipoelezwa sababu atajitungia mwenyewe, na kila mara hutunga mbaya kuliko ile ya kweli. Anasema sina mvuto, nimerogwa, kuna mtu ananibania. Kumbe amekosa kwa sababu aliyechaguliwa kuwa baba yake ni mweupe na yeye ni mweusi tii, basi.

Lakini kusema ukweli si kutukana, na kwenye tasnia yetu wapo wanaojisifu kuwa wakweli kumbe wanatukana. Streep huyohuyo amesimulia siku alipokwenda kujaribiwa kwa ajili ya King Kong ya mwaka 1976. Mtayarishaji Dino De Laurentiis akamgeukia mwanawe na kusema kwa Kiitaliano kwamba dada huyu ni mbaya wa sura, kwa nini ameletwa. Streep alikuwa anajua Kiitaliano, akamjibu kwa lugha hiyohiyo. Neno lile halikumpa chochote cha kufanyia kazi. Hata halikusemwa kwake. Ukweli wenye faida hutaja uhusika, hutaja sini, hutaja mstari: ulikimbia kwenye mstari wa tatu, lafudhi yako ya Mwanza ni tamu lakini huyu mhusika amezaliwa Tanga, umri wako hauoani na wa yule aliyekwisha chaguliwa. Lafudhi mtu anaweza kwenda kuifanyia mazoezi. Umri hawezi, na asiulizwe kuhusu umri kana kwamba ni uzembe wake. Ndiyo maana nasisitiza mwigizaji ajue amekosa kwa lipi kati ya hayo.

Ukweli ukichelewa nao una gharama. Kwenye ile Back to the Future, Fox hakuwa wa kwanza. Walianza kushuti na Eric Stoltz, mwigizaji mzuri, mzaliwa wa 1961 vilevile, kwa hiyo umri haukuwa tatizo. Alicheza kwa uzito ambao vichekesho vile haviuhitaji. Baada ya wiki kadhaa Robert Zemeckis alimwita akamwambia mwenyewe kwamba wanambadilisha, kisha sini nyingi zikarudiwa upya. Nawaza kila mara uzito wa mazungumzo yale, nami namheshimu mwongozaji kwa kuyafanya yeye. Kwetu nimeshuhudia mtu akijua ameondolewa kwa kuona mwenzake kwenye bango.

Wakati mwingine kazi yetu ni kumkumbuka aliyeshindwa. Marion Dougherty wa New York, aliyechagua waigizaji kwa miongo mingi, aliwahi kumpa Jon Voight nafasi kwenye tamthilia ya Naked City, na Voight mwenyewe anasema aliboronga. Miaka ikapita. Ilipokuja Midnight Cowboy ya mwaka 1969, Dougherty ndiye aliyemsemea, na filamu ile ikampa Voight jina. Mtu wa kazi hii lazima awe na kumbukumbu ya namna hiyo: huyu hakuweza pale, lakini kuna mahali anafaa. Oscar yenyewe imeanza kuitambua kazi hii kwa tuzo yake juzijuzi tu, kuanzia filamu za mwaka 2025.

Wanaonipa shida kuwaambia ni wazee. Adabu zetu zinakuzuia kumwambia mtu mwenye umri wa baba yako kwamba hakuweza. Alikuja mzee mmoja kusoma hakimu, sura ya hakimu hasa, lakini mistari mirefu ilikuwa inamponyoka katikati. Ningeweza kumsifia na kumsindikiza hadi kwenye bajaji. Nilisubiri wengine watoke, nikavuta kiti nikakaa chini kidogo yake. "Shikamoo tena, mzee wangu. Maneno mengi kwa mkupuo yanakusumbua. Ukinyamaza, hapo hakuna anayekufikia. Nitakutafuta kwa uhusika wa maneno machache." Akanijibu, "Hata mke wangu aliniambia hivyohivyo asubuhi." Tulimchukua kwenye kazi nyingine, akacheza babu ambaye familia nzima inabishana mbele yake na yeye haongei mpaka sini ya mwisho.

Kwa sasa natafuta bibi. Aonekane na miaka 70 na kuendelea, awe na lafudhi ya pwani, aweze kukaa chini na kuinuka bila kusaidiwa kwa sababu mhusika anasuka mikeka. Ana sini 22, ndiye steringi wa filamu, hagombani na mtu jikoni. Uzoefu si lazima. Kama unaye nyumbani, mama, shangazi au jirani, mlete. Asipakwe rangi ya nywele, asiazimwe nguo, aje na kanga zake. Atasoma au atasimulia, vyovyote apendavyo, nami nitasoma naye. Na kabla hajaondoka nitamwambia kama amepata, na kama amekosa nitamwambia kwa nini.